TUSIKIGAWE KIWANJA CHETU CHA NDEGE

Tangu muhula uliopita yamezuka maneno mjini kwetu. Wengine wasema kwamba kile kiwanja cha ndege kilichoko upande wa machweo kikatwe vipande, watu wajenge nyumba, maana ndege zenyewe hazionekani ila mara moja moja, na siku nyingine zote ni ng'ombe wanaokula majani pale. Hata bwenini nimewasikia wenzangu wakisema, "Ndege ya mtu binafsi ni starehe ya tajiri. Sisi yatuhusu nini?" Nami napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo hili. Nawaomba wazazi na walimu wanisikilize kwa subira, ijapokuwa mimi ni mwanafunzi tu.

Kwanza yafaa tuelewane. Tukisema ndege, wengi wetu hufikiri juu ya zile kubwa zinazokwenda kwa ratiba kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza au Nairobi. Lakini ziko nyingine, ndogo, zisizo na ratiba. Hizi ni ndege za mtu mwenyewe, za misheni, za madaktari, za walinzi wa mbuga, za shule za urubani na za kukodi. Katika nchi yetu usafiri wa namna hii bado ni mchanga. Wenzetu Wakenya walitangulia. Chama cha warubani cha Nairobi kiitwacho Aero Club of East Africa kilianzishwa mwaka 1927, na mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson akaanzisha kampuni ya ndege ambayo jina lake limebaki mpaka leo katika uwanja wa Wilson. Huko Marekani viko viwanja zaidi ya 5,000 vilivyo wazi kwa watu wote, na ndege kubwa za ratiba hutumia mia chache tu kati ya hivyo. Vilivyobaki ni vya ndege ndogo.

Sasa tuitazame hoja ya wenzangu, kwamba mambo haya ni ya matajiri. Sikatai kwamba ni ghali. Vipuri hutoka ng'ambo. Petroli ya injini ndogo za ndege haipatikani katika kila kiwanja. Na mtu anayetaka leseni ya rubani binafsi, kwa kanuni za kimataifa, hana budi awe ametimiza miaka 17, apimwe afya, afaulu mitihani, na aruke saa zipatazo 40, kila saa ikiwa na gharama yake. Mzazi mwenye watoto watano na shamba la mahindi hawezi kulipa fedha hizo. Jambo hili ni kweli, wala si la kuficha.

Lakini tujiulize: ni nani waliofungua njia ambazo leo twaziona kuwa ni huduma za watu wote? Dokta Michael Wood alikuwa mpasuaji aliyejifunza urubani. Yeye na wapasuaji wenzake wawili walizungumza habari ya kuwafikia wagonjwa wa mbali kwa ndege, wakiwa chini ya Mlima Kilimanjaro, na mwaka 1957 wakaanzisha shirika la Madaktari Warukao, ambalo sasa lajulikana kwa jina la Amref. Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walijifunza kuendesha ndege ili wawahesabu wanyama wa Serengeti. Walikuja na ndege yao wenyewe, wakaipaka milia kama punda milia, na kazi yao ikaifanya Serengeti ijulikane duniani kote. Hata kampuni ya Precision Air, ambayo leo hubeba abiria wa ratiba, ilianza Arusha mwaka 1993 kwa kukodisha, ikiwa na ndege ndogo ya Piper Aztec yenye viti vitano.

Basi tazama, msomaji. Katika mambo hayo yote ndege ndogo ilitangulia, na faida ya wengi ikafuata nyuma yake. Mtu aliyeiona ndege ya Dokta Wood siku ya kwanza angaliweza kusema, "Hiyo ni starehe ya Mzungu," naye asingalijua kwamba hiyo ndiyo mbegu ya huduma ambayo baadaye ingemchukua mjukuu wake.

Nasema hivyo kwa kuwa jambo hili limenifikia nyumbani. Mwaka 2020, wakati wa masika, shangazi yangu alishikwa na uchungu wa uzazi siku mbili, na mtoto hakutoka. Mto ulikuwa umefurika na barabara imekatika. Mganga wa zahanati aliita kwa simu, na kesho yake asubuhi ndege ndogo ikatua katika kiwanja hicho hicho kinachotajwa leo kuwa ni malisho. Shangazi yangu yu hai, na mtoto wake karibu ataanza shule. Sijui nyumba ngapi zingaliweza kulipa deni hilo.

Wako wanaosema kwamba siku hizi ziko ndege zisizo na rubani, na kwamba viwanja havitahitajiwa tena. Ni kweli kwamba Rwanda tangu mwaka 2016 hupeleka damu hospitalini kwa vyombo hivyo, na kazi hiyo ni ya kusifiwa sana. Lakini vyombo hivyo vinavyoleta chupa ya damu havimchukui mama aliyelala juu ya machela, wala havimleti mpasuaji. Kila kimoja kina kazi yake.

Wengine, kwa nia njema, wamependekeza tupatane: kiwanja kikatwe nusu tu. Hapa ndipo yafaa tukumbuke somo la Fizikia. Ndege huinuliwa na hewa inayopita katika mabawa yake. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Siku ya joto, uzito wa hewa yetu hupungua kwa karibu sehemu moja katika tano kuliko ile ya pwani siku ya kawaida. Mabawa hayapati nguvu ile ile, wala injini haipati hewa ile ile ya kuvuta, kwa hiyo ndege hulazimika kukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka. Ndege kama Cessna Caravan, ambayo hubeba watu wapatao kumi na kutua hata juu ya udongo, pale pwani yaweza kutosheka na mita mia saba au mia nane, lakini kwetu mita hizo hazitoshi. Kiwanja chetu kina urefu wa mita 1,000. Tukikata nusu, hatutabaki na nusu ya kiwanja. Tutabaki bila kiwanja.

Tufanye na hesabu ya ardhi pia. Mita 1,000 kwa upana wa mita 60 ni mita za mraba 60,000, yaani kama ekari kumi na tano. Tukigawa kwa mita za mraba 600 kila nyumba, na kuacha nafasi ya njia, tutapata nyumba sabini na tano hivi. Sidharau shida ya nyumba. Wazazi wangu pia wamepanga. Lakini ardhi ya nyumba sabini na tano yaweza kupatikana upande mwingine wa mji, ambapo vilima na mabonde hayamzuii mtu kujenga. Ardhi ndefu, tambarare, isiyo na miti mirefu wala nyaya za umeme mwishoni mwake, haipatikani kila mahali. Na nyumba zikishajengwa, nani atazivunja? Wazee walisema kwamba akiba haiozi. Kiwanja hiki ni akiba ya wilaya nzima.

Najua pia hofu ya wazazi, kwamba ndege ndogo huanguka. Hofu hiyo ina sababu. Michael Grzimek mwenyewe alikufa Januari 1959 pale Serengeti, baada ya tai mzoga kuligonga bawa la ndege yake. Kazi ya anga haimsamehi mtu mzembe, na hata aliye makini yaweza kumpata ajali. Ndiyo maana rubani hukagua ndege yake kila mara kabla ya kuruka, hupima mafuta, husoma hali ya hewa, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga husimamia leseni na matengenezo. Lakini kiwanja chenye ng'ombe na watoto wanaocheza mpira ni hatari kuliko chenye uzio. Kwa hiyo anayeogopa ajali na asaidie kukitunza kiwanja, wala asitake kifutwe.

Liko na jambo linalotuhusu sisi wanafunzi hasa. Bi Irene Koki Mutungi wa Kenya, ambaye mwaka 2014 alikuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa ya Boeing 787, alianza kwa leseni ya rubani binafsi katika uwanja wa Wilson. Hakuanza na ndege kubwa, alianza na ndogo. Na si urubani tu. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichoko Dar es Salaam hufundisha ufundi wa ndege, na kila ndege ndogo inayotua nchini yahitaji fundi, mtu wa hali ya hewa na mtu wa redio. Mtoto ambaye hajapata kuiona ndege kwa karibu atatamanije kazi hizo? Nawaomba wazazi wenye mabinti wasicheke binti akisema kwamba angependa kuwa rubani au fundi wa ndege. Wamwulize tu kama amemaliza hesabu zake za leo.

Basi naona inafaa tufanye mambo matatu. La kwanza, halmashauri ya wilaya ikipime kiwanja, iweke mawe ya mipaka, na iandike wazi kwamba ni mali ya umma ya usafiri wa anga. La pili, wenye ndege za kukodi na watu binafsi wanaotua hapa walipe ada ndogo, na fedha hiyo ikate majani na kujenga uzio, ili tajiri anayeruka asaidie kumtunzia maskini njia yake. La tatu ni letu. Chama chetu cha Sayansi kichukue kazi ya kuutunza ule mfuko wa kuonyesha upepo, ambao sasa umechanika, na kuandika kila siku upepo, mvua na joto. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari, kipimajoto, na vijana wanaoamka mapema.

Mkutano wa hadhara juu ya jambo hili unatazamiwa kabla ya mvua za vuli. Sisi wanafunzi hatuna kura, lakini wazazi wetu wanayo. Nawasihi, watakapoulizwa kama kiwanja kigawanywe, waseme hapana. Nyumba sabini na tano zitajengwa mahali pengine, lakini mahali pengine pa kutulia ndege hatuna.

Mwanafunzi wa Kidato cha VI