Mugunga: sauti za vijana walioenda vitani

Katika kartiye ya Mugunga, magharibi mwa mji wa Goma, barua ya askari siku hizi haiandikwi, inasemwa. Kijana anatafuta pahali rezo inapopatikana, anatuma odio ya sekunde ishirini: niko mzima, musalimie mama, mdogo wangu asiache masomo. Kisha kimya cha wiki nzima, pengine mwezi. Nyumbani odio hiyo inasikilizwa mara kumi. Maneno yenyewe yanajulikana tayari. Watu wanataka kusikia kama sauti imechoka, kama anakohoa, kama kuna milio nyuma yake.

Katiba ya Kongo, kifungu cha 63, inaruhusu sheria ianzishe utumishi wa lazima jeshini. Lakini vijana wengi wa huku hawakungoja karatasi ya kuwaita. Mnamo Novemba 2022 Rais Félix Tshisekedi aliomba vijana wasimame kulinda inchi, na mwaka 2023 ikatoka sheria ya jeshi la akiba. Wengine waliingia FARDC, wengine Wazalendo. Inaitwa hiari, ingawa hiari ya kijana anayelala na wazazi chini ya turubai, katika kambi zilizoangukiwa na mabomu tarehe 3 Mei 2024, si hiari ya mtu aliyeshiba. Na kama sauti ndani ya simu ni ya mtoto wa chini ya miaka 18, hapo hakuna mjadala: sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inakataza, upande wowote.

Mwisho wa Januari 2025 AFC/M23 iliteka Goma. Mwezi uliofuata wahami wa Mugunga waliambiwa waondoke, kambi zikabomolewa, watu wakabeba walichoweza. Kuanzia tarehe 30 Aprili, Msalaba Mwekundu wa Kimataifa ulisindikiza kuelekea Kinshasa askari na polisi waliokuwa wamekimbilia MONUSCO, pamoja na jamaa zao. Wale familia zao zilijua walipo. Kwa wengine, odio ya mwisho ndiyo alama pekee kwamba walikuwa hai siku fulani.

Na alama hiyo yenyewe inaogopesha. Simu ikifunguliwa na mkono wa mtu mwingine, sauti ya mtoto inaweza kugeuka mashtaka juu ya nyumba nzima. Mama anayeifuta asilaumiwe. Wa kulaumiwa ni wale wenye orodha za majina na wanaokaa kimya.

Tarehe 14 Septemba 2025, huko Doha, serkali ya Kinshasa na AFC/M23 walitia sahihi utaratibu wa kuachilia wafungwa, Msalaba Mwekundu ukiwa mpatanishi asiyeegemea upande. Kabla ya mtu kuachiliwa, jina lake linapashwa kujulikana. Ndiyo kazi ya kwanza, na haihitaji risasi wala bajeti kubwa: kila upande utoe majina ya inaowashikilia, na ya waliozikwa. Itifaki ya pili ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva, inasema wazi kwamba aliyefungwa kwa sababu ya vita aruhusiwe kutuma na kupokea barua. Haichagui mfungwa wa serkali ao wa waasi. Mama wa kijana wa M23 aliyeshikwa naye anangoja simu ilie.

Wakati majina yanangojewa, ujumbe wa familia wa Msalaba Mwekundu ungali unapokelewa. Ni karatasi isiyofungwa ndani ya bahasha, ya habari za nyumbani tu: nani amezaliwa, nani amegonjwa, familia imehamia wapi. Hilo la mwisho ni la lazima kwa watu wa Mugunga, kwa sababu kijana akiandika leo, pengine anatuma barua kwenye turubai lililobomolewa.