Makamu wa Rais Naye Apimwe

Katika kampeni zetu mgombea mwenza aghalabu hutazamwa kama mpambe wa bwana arusi: yupo jukwaani, hushangiliwa akitajwa jina, na akipewa nafasi ya kusema, maneno yake huwa ya kumsifu mwenziwe. Kwa rai yangu mtazamo huo waudhulumu wadhifa wenyewe, tena una hatari kwa raia, ambaye kwa alama moja katika karatasi ya kura huwachagua wote wawili.

Ibara ya 47 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 humfanya Makamu msaidizi mkuu wa Rais katika mambo yote ya Jamhuri ya Muungano. Hutenda kazi atakazoagizwa na Rais, na hushika kazi za Rais anapokuwa nje ya nchi. Zamani Rais wa Zanzibar, kwa wadhifa wake, alikuwa mmoja wa Makamu; lakini vyama vingi viliporejea mwaka 1992, ikawa yamkini viongozi hao wawili kutoka vyama vinavyopingana, ndipo mabadiliko ya 11 ya mwaka 1994 yakaamuru Rais na Makamu wachaguliwe pamoja, na mmoja akitoka upande huu wa Muungano, mwenziwe atoke upande wa pili.

Utaratibu huo mauti yameujaribu mara mbili. Mwaka 2001 alifariki Makamu, Dakta Omar Ali Juma, na nafasi yake ikashikwa na Dakta Ali Mohamed Shein. Tarehe 17 Machi 2021 alifariki Rais John Magufuli, na siku mbili baadaye, katika Ikulu ya Dar es Salaam, Bi Samia Suluhu Hassan aliinua Msahafu kwa mkono wa kulia akaapa kuwa Rais, pasipo kura mpya hata moja, kwa kuwa ibara ya 37 humtaka Makamu amalizie muhula uliobaki. Fauka ya hayo, ibara ya 40 humruhusu mrithi wa namna hiyo kugombea mara mbili ikiwa muhula aliomalizia haukufika miaka mitatu. Basi aweza kukaribia miaka 13 madarakani.

Maadamu ndivyo ilivyo, ni haki ya umma kila mgombea mwenza aketishwe hadharani, redioni na katika televisheni, aulizwe peke yake habari za Muungano, za hazina, za majeshi na za mahakama. Wako watakaohofu kwamba kufanya hivyo ni kuzaa wakubwa wawili katika nyumba moja. Lakini Katiba imekwisha kuweka mpaka, na msaidizi anayejua kujieleza hampunguzii mkubwa wake taadhima. Chama kinachoona tabu kumweka mgombea mwenza wake mbele ya maswali ya wananchi, kina haja ya kumtafuta mwingine kabla ya kuja kutuomba kura.