Dira Haiulizi Rangi

Ndugu wanachama, wako watu wasemao hata leo ati mtu mweusi hupewa kazi kubwa kwa kuhurumiwa. Sisi twawajibu kwa habari za mtu mmoja, Ulric Cross.

Alizaliwa mwaka 1917 mjini Port of Spain, kisiwani Trinidad. Zamani hizo Jeshi la Ndege la Uingereza halikumpa mtu mweusi cheo cha ofisa. Sharti lilikuwa awe wa asili ya Kizungu. Mwaka 1939 vita vikawabana, mlango ukafunguliwa. Mwaka 1941 Cross akaingia.

Kazi yake ilikuwa kuongoza njia katika ndege ya mabomu iitwayo Mosquito. Ndege hiyo ya mbao ilichukua watu wawili tu: rubani na yeye. Gizani, juu ya nchi ya adui, yeye ndiye aliyepiga hesabu ya upepo, mwendo na dakika. Kikosi chake, cha 139, kilitangulia kuwaonyesha wenzao shabaha. Alikwenda safari 80 za vita, zaidi ya 20 kati yake juu ya Berlin, akapata nishani za DFC na DSO.

Twauliza: huruma iko wapi hapo? Mizinga ya Wajerumani ilimhurumia nani? Na je, akili ile ilimjia siku mlango ulipofunguliwa? Hasha! Alikuwa nayo. Alichonyimwa ni nafasi.

Hatusifu mabomu, chini yake walikuwamo watoto na wazee. Lakini Hitler alihubiri kwamba damu moja imezaliwa kuitawala nyingine. Ajabu ni kwamba waliomtuma Cross kuupiga uongo huo walikuwa wakitawala makoloni yao kwa uongo uo huo.

Vita vilipokwisha hakukaa akipangusa nishani. Alisomea sheria, akaja kuitumikia Afrika. Tangu 1967 hadi 1971 alikuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Alifariki mwaka 2013.

Sasa tujitazame wenyewe. Katika matawi yetu, ni vijana wangapi na akina mama wangapi tumewaambia, “Bado hamjawa tayari”? Neno hilo ni la mkoloni, nasi twalirudia bila haya. Ndugu, mpeni mtu ramani na dira kwanza. Kisha mpimeni kwa safari zake.