Mmasai Si Mlinzi Tu

Kwenye vichekesho vyetu Mmasai ni mlinzi. Ana shuka, ana rungu, na Kiswahili chake kimevunjwa makusudi ili tucheke. Mimi nimechoka.

Naandika haya nikiwa Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai, ambako lafudhi hiyo haimchekeshi mtu. Sasa mfikirie binti wa hapa anayetaka kuigiza sauti kwenye katuni za watoto. Atapewa nini, kama si mke wa mlinzi?

Disney walipotuletea The Lion Guard, walichota maneno ya Kiswahili, kisha Kion, shujaa wenyewe, akasemewa na Mmarekani, Max Charles. Tulinung'unika, na tulikuwa na haki. Ila na sisi tunawachota Wamasai vilevile, tena kwa kejeli.

Akili wa Akili and Me, katuni ya Dar es Salaam, anaishi chini ya Kilimanjaro. Umasaini si mbali na hapo, jamani! Mpeni rafiki mwenye lafudhi ya Kimaa, awe ndiye anayejua kuhesabu. Na jina la aliyemsemea liandikwe.

Watayarishaji, njooni na vinasa sauti. Kutoka Mto wa Mbu barabara inarusha, lakini mtafika.