PIKIPIKI KUUKUU: BREKI KWANZA, RANGI MWISHO



Wengi wetu twaanza kazi alfajiri, wakati matatu ni chache, na mshahara hautoshi kununua pikipiki mpya. Kwa hiyo twanunua kuukuu tuifufue. Si vibaya. Lakini twaona kosa moja likirudiwa, nasi hatuwezi kunyamaza.

Mwenzetu mmoja alinunua Honda CG125 iliyolala miaka mingi nyuma ya nyumba. Fedha zake za kwanza zikaenda kwa rangi nyekundu na kiti kipya. Iling'aa kama sahani. Breki, akasema, zitangoja mwisho wa mwezi. Mwezi haujaisha, akiteremka mlima breki zikakataa, akavunjika mguu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ni aibu kwetu watu wa reli! Garimoshi haliondoki stesheni kabla breki hazijajaribiwa, wala hapana aulizaye habari za rangi. Mbona twaisahau sheria hii tukifika nyumbani?

Mwenye fedha kidogo na afuate utaratibu huu. Kwanza, ahakikishe kuwa logibuku ina jina la muuzaji, na nambari za injini na fremu zinalingana. Pili, breki, tairi, mnyororo na beringi za magurudumu: akiona zimelika, anunue mpya. Tatu, injini. CG125 ilitoka mwaka 1976, na vali zake husukumwa kwa vijiti, si kwa mnyororo. Ni rahisi kutengeneza. Wachina wameiga sana injini hiyo, hivyo spea nyingi hupatikana katika maduka ya bodaboda. Lakini aende na ile ya zamani mkononi ailinganishe, maana si zote zitakazoingia. Kutu ya tangi haitaki fedha nyingi: atie changarawe na mafuta ya taa, atikise, amwage, arudie mpaka yatoke safi. Rangi ingoje.

Tena, vyombo vya kazi ni ghali kwa mtu mmoja. Twashauri kila tawi la chama linunue seti moja ya spana na vyombo vya kung'olea beringi, kila mwanachama atoe kidogo, na katibu aandike nani amechukua na lini atarudisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Pikipiki ina spea. Mguu wa mfanya kazi hauna.