Maporomoko nayo ni mali

Umeme unaowaka Mbagala na Tegeta sasa unatoka pia Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Tunaushukuru, maana mgawo ulitutesa mno. Lakini yaliyotokea Jinja, Uganda, yatuzindue. Huko vijana wa kando ya Nile walijifunza kupiga makasia ya kayaki kwenye maji makali, wakapata ajira ya kuongoza watalii. Bwawa la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, likameza maporomoko yao. La Isimba likafuata mwaka 2019 na kumeza mengine. Umeme ulipatikana, mto ule haurudi. Serikali isizibe mto mwingine kabla ya kuketi na wanavijiji na kuyathamini maporomoko yake.