Mtoaji wa Figo Si Mgonjwa, Kwa Hiyo Hana Haki?

Makamanda, tuanze na ule utani wenu. Kila simu mpya ikitoka, lazima mtu aandike, "Nauza figo, nani ananunua?" Watu wanacheka, maisha yanaendelea. Mimi huo utani siuchekei tena. Kuna Watanzania wanaotoa figo kweli, na hawauzi. Wanampa kaka, mama, mke. Nchi inashangilia upasuaji, inampigia makofi daktari, halafu mtoaji anarudi zake stendi na mshono tumboni.

Nayasema haya nikiwa mwanafunzi wa sheria na mtoto wa Sumbawanga. Najua sheria inasema nini, na najua stendi yetu iko mbali kiasi gani.

Kwanza tuwe wakweli. Novemba 2017 Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, wakishirikiana na wataalamu kutoka India. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata kwa msaada wa Wajapani. Hongera kwa madaktari wetu, na hii siyo kejeli. Kabla ya hapo mgonjwa alitakiwa aende nje, na asiye na fedha alibaki kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, mpaka kimojawapo kiishe, pesa au uhai.

Lakini upandikizaji una watu wawili kitandani. Mmoja tunamjua, ni mgonjwa. Wa pili ni nani kisheria?

Fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 230. Kinamkinga daktari anayepasua kwa nia njema na kwa uangalifu, upasuaji huo ukiwa ni kwa manufaa ya anayepasuliwa. Haya, mtoaji figo ana manufaa gani ya kiafya? Ameingia mzima na figo mbili, ametoka na moja. Kanuni ile ilianza kutumika 1945, enzi za mkoloni. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa duniani ulifanyika Boston mwaka 1954. Yaani tunamkinga mtoaji wa leo, pamoja na daktari wake, kwa maneno yaliyoandikwa kabla jambo lenyewe halijawezekana!

Njoo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Likizo ya ugonjwa ipo, siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Ila mtoaji si mgonjwa. Zipo pia siku nne za kuuguliwa na mtoto au kufiwa na jamaa wa karibu. Mtoaji hajafiwa, na kwa kweli amezuia msiba. Huyo hakutajwa popote.

Na hao angalau wana mwajiri. Ufipa wengi wetu mwajiri wetu ni shamba. Tuchukue mfano wa kijana wa Matai ambaye dada yake figo zimekufa. Apande gari mpaka Sumbawanga, kisha Tunduma, kilomita zipatazo 220, na hapo hata Mbeya hajafika. Dodoma au Dar bado safari nzima iko mbele. Akifika anapimwa kundi la damu, ulinganifu wa tishu, presha, sukari, homa ya ini, picha za figo. Vipimo si vya siku moja, na gesti inadai kila asubuhi. Baada ya upasuaji ataambiwa asinyanyue kitu kizito kwa wiki kadhaa. Sasa ni Juni, mahindi yamekauka shambani. Nani atavuna? Nani atabeba magunia? Nani atamlipa kibarua? Na presha yake na figo iliyobaki vinatakiwa kupimwa kila mwaka maisha yake yote. Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa bungeni tangu Novemba 2023. Hebu atuambie mtu, kipimo hicho cha kila mwaka cha mtoaji wa Matai kinalipwa na nani?

Wapo watakaosema Watanzania hawana moyo wa kutoa, wana imani potofu, na hasa hao wa Sumbawanga. Tumezoea. Ukitaja kwetu mtu anauliza ungo umepaki wapi. Lakini msituletee utani kwenye hili. Rukwa, mwaka 2013 na tena 2015, watu wenye ualbino walikatwa mikono, akiwemo mtoto mdogo. Kwenye mkoa wenye kovu hilo, bibi akisikia "kiungo cha mtu kinahitajika hospitali" ana haki ya kuogopa. Dawa ya hofu yake ni sheria anayoweza kusomewa kwa Kiswahili, inayosema nani anaruhusiwa kutoa, nani anasimamia, na anayeuza au kulaghai anafungwa miaka mingapi.

Tena kwa utaratibu wa hospitali zetu mtoaji anatakiwa awe ndugu. Nia ni nzuri, kuzuia biashara. Ila tunaojua kikao cha ukoo tunajua kinavyokwenda. Nani atoe? Mwenye kazi mjini hapana, ana majukumu. Mwenye watoto hapana. Macho yote yanamgeukia binti wa miaka 22 aliyepo nyumbani. Atasemaje hapana mbele ya baba zake wadogo na shangazi? Undugu hauthibitishi hiari. Sheria inatakiwa impe mtu asiye wa ukoo wala wa timu ya upasuaji, akae naye chumbani peke yake, amuulize, na akisema hapana, jibu kwa familia liwe fupi tu: "Hafai kitabibu." Siri yake ibaki hapo. Na rafiki au mwanakwaya mwenzake mgonjwa anayetaka kutoa kwa moyo wake, kamati huru imsikilize badala ya kumfungia mlango.

Majirani wameshatangulia. Uganda walipata sheria yao ya kuchangia na kupandikiza viungo mwaka 2023, na Desemba mwaka huo huo Mulago wakapandikiza figo yao ya kwanza. Utaniambia Kenya wana Sheria ya Afya tangu 2017 na bado Aprili 2025 waziri wao alisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya Eldoret kwa tuhuma za biashara ya figo. Ni kweli. Ndiyo maana hatudai karatasi tu. Tunadai daftari la taifa la watoaji, ukaguzi, na ufuatiliaji wa mtoaji baada ya kuruhusiwa. Wenye sheria wameponyoka hapo, sisi tusio na sheria mahsusi tunajivunia nini?

Kumrudishia mtoaji nauli, gesti na kipato alichopoteza siyo kununua figo. Azimio la Istanbul la 2008 na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2010 vinaruhusu gharama halali kurudishwa, huku vikipiga marufuku uuzaji. Mtoaji asipate faida, lakini pia asifilisike kwa wema wake.

Na anayeogopa kwamba figo moja ni kaburi, amsikie Ronald Herrick, yule aliyempa pacha wake figo kule Boston 1954. Alifundisha hesabu, akaishi miaka 56 na figo moja, akafariki 2010 akiwa na miaka 79. Hatari ndogo ipo, na mtoaji lazima aelezwe yote. Lakini inabebeka, kama nchi inabeba upande wake.

Makamanda, tumesema sana kuhusu sheria za uchaguzi, na tuendelee kusema. Ila mabadiliko ya sheria ni pamoja na hili. Bunge liko Dodoma. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko Dodoma hiyo hiyo. Wabunge wanapiga meza jirani na wodi ambako Mtanzania anatolewa figo bila sheria yenye jina lake. Mbunge wako akirudi Nkasi, Kalambo, Kwela au Sumbawanga Mjini, msimamishe umuulize: muswada wa kumlinda mtoaji uko wapi? Akikujibu "serikali iko mbioni", muulize tangu 2017 imekimbia imefika wapi.